Akaunti Iliyoonyesha Dalili za Fedha

Nchi ya Tulizana haimo kwenye ramani yoyote, kwa sababu mchoraji aliyepewa kazi ya kuichora aliidai wizara malipo yake kwa miaka tisa, mwishowe akajiondokea na penseli zake. Lakini nchi ipo, watu wake wapo, na serikali yao inawapenda mno. Mapenzi hayo hutangazwa redioni kila siku saa moja asubuhi, kabla tu ya matangazo ya vifo.

Mwaka tunaousimulia ulikuwa umepewa jina la Mwaka wa Mjasiriamali Mdogo. Uliotangulia ulikuwa Mwaka wa Maji, na mabomba yote ya mji wa Sanzale yalikauka kufikia mwezi wa tatu. Kwa hiyo tangazo jipya liliposomwa, wajasiriamali wadogo waliangaliana, na baadhi yao wakaanza kuficha mizani zao.

Sikudhani Mapande hakuficha kitu. Alikuwa mwokaji mikate wa mtaa wa Kwa Mafundi, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye mikono iliyokomaa kwa kukanda unga. Alikuwa na tanuri moja la matofali lililojengwa na marehemu baba yake, wifi yake Zaituni aliyemsaidia kukanda, na mume wake Chande aliyesambaza mikate kwa baiskeli. Mikate ilikuwa mizuri kiasi kwamba hata walioilalamikia bei waliilalamikia mdomo umejaa.

Basi hospitali ya mkoa ikamwandikia barua. Ilitaka mikate mia tatu kwa siku, kwa ajili ya wagonjwa. Sikudhani aliisoma mara tatu, akampa Chande naye aisome, akamwita Zaituni aliyekuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Mia tatu kila siku, wifi!" Zaituni alisema. "Hilo tanuri litapasuka."

"Limeshapasuka," alijibu Sikudhani. Na kweli, ufa ulikuwa umepanda kutoka mdomoni mwa tanuri mpaka karibu na dohani. "Malipo ya miezi miwili tu, nanunua la chuma."

Mwishoni mwa barua palikuwa na mstari mmoja mdogo. Ulisema malipo yatafanywa kupitia akaunti ya biashara pekee, katika Benki ya Wanyonge.

*

Benki ya Wanyonge ilikuwa benki ya serikali. Msemaji wake aliwahi kueleza kwamba jina lile lilikuwa ahadi, na hakuna anayeweza kusema ahadi ile haikutimizwa: wengi walioingia mle wakiwa na biashara walitoka wakiwa wanyonge.

Tawi la Sanzale lilikuwa na madirisha manane ya huduma. Saba yalikuwa yamefungwa, na kila moja lilikuwa na kibao kinachosema TUKO NAWE. Ukutani palitundikwa picha ya mama mmoja mwenye nyanya mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana. Hakuna mtu Sanzale aliyewahi kumwona mama huyo, na wauza nyanya walikuwa wameshamtafuta.

Sikudhani alikaa foleni kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Alipofika dirishani, karani alimpokea kwa tabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kufungua akaunti ya biashara."

"Hongera sana, mama. Umekuja na taarifa ya akaunti ya miezi sita?"

"Akaunti ipi?"

"Ya biashara."

"Ndiyo hiyo nimekuja kuifungua."

"Sawa kabisa, mama. Ila hatuwezi kumfungulia mtu akaunti bila kujua mwenendo wa akaunti yake."

Sikudhani alimtazama vizuri kuona kama anataniwa. Karani hakuwa anatania. Alikuwa na macho ya mtu aliyesomea jambo hilo na kufaulu.

"Sasa mwenendo wake mtaujuaje kabla haijafunguliwa?"

"Hilo swali limejibiwa kwenye fomu namba saba," alisema karani. "Fomu namba saba zimekwisha."

Hata hivyo benki haikumwacha hivi hivi. Alielekezwa kwenda kwa wakili kula kiapo cha Kutokuwa na Akaunti, kisha alete picha mbili ndogo zinazomwonyesha akiwa hana akaunti. Mpiga picha wa Kwa Mafundi alikuwa mzoefu. Alimwambia Sikudhani afikirie bei ya unga, akampiga picha hapo hapo, na benki ikaridhika na uso ule bila pingamizi.

Halafu ikaulizwa bodi. Kila biashara, hata ya mtu mmoja, ilitakiwa kuwa na bodi ya wakurugenzi watatu na kumbukumbu za kikao chao cha mwisho. Sikudhani aliwateua Chande na Zaituni, na kikao kikafanyika wakiwa wamesimama kulizunguka beseni la kukandia, kwa sababu kazi ilikuwa haisubiri. Chande ndiye aliyeandika, kwa mwandiko wake wa kulala: *Ajenda ya kwanza, hamira. Mwenyekiti alisema imepungua. Mkurugenzi Zaituni alisema si kwamba imepungua, imekwisha. Wajumbe walipokea taarifa kwa masikitiko.*

Benki ilirudisha kumbukumbu hizo baada ya wiki tatu. Sababu iliyotolewa ni kwamba hazikuwa na Mengineyo.

Walikaa tena kikao, wakaandika Mengineyo. Zaituni alisema mgongo unamuuma. Benki ikapokea.

*

Siku aliyopeleka kumbukumbu hizo, Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja wadogo, ambalo lilikuwa na miguu mitatu, alipomwona Mheshimiwa Domisiani Ngazi akiingia. Mheshimiwa Ngazi alikuwa shemeji wa Waziri wa Fedha na Furaha, na kwa sababu hiyo alikuwa pia mfanyabiashara. Hakuangalia foleni. Foleni ndiyo iliyomwangalia yeye.

Meneja wa tawi, Bwana Erasto Mkwizu, alitoka ofisini mbio mbio huku akifunga vifungo vya koti. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini ya mtu anayesoma wosia. Alimbembeleza mgeni aketi, akamwagizia chai na korosho, na kwa kuwa mlango wa ofisi ulikuwa umechomolewa kwenda kufanyiwa ukarabati tangu miaka miwili nyuma, benchi zima lilisikia mazungumzo.

Mheshimiwa alikuwa amekuja kwa mkopo wa bilioni arobaini. Alitoa mfukoni karatasi laini ya kufutia mdomo, ya hoteli, yenye tone la supu pembeni. Juu yake palikuwa pameandikwa *Theluji*.

"Nachimba theluji," alisema.

"Theluji!" Bwana Mkwizu alisema kwa heshima. "Na hapa kwetu ipo, mheshimiwa?"

"Haipo. Ndiyo maana sina mshindani."

Bwana Mkwizu alitikisa kichwa kwa muda, kama mtu anayesikia muziki. "Na dhamana, mheshimiwa? Nauliza kwa ajili ya utaratibu tu."

"Dhamana ni mimi."

"Inatosha, mheshimiwa. Tena ina ziada."

Chai haikuwa imepoa mkopo ulipokwisha kusainiwa. Mzee mmoja muuza kuku, aliyekuwa kwenye benchi tangu juzi yake, alimuuliza Sikudhani kwa sauti ya chini kama anajua mahali zinapouzwa karatasi laini za namna ile.

*

Kilichobaki kilikuwa ukaguzi. Bwana Mkwizu alikuja mwenyewe Kwa Mafundi, ndani ya gari la benki lililoandikwa TUKO NAWE pande zote mbili, kuhakikisha kwamba biashara ipo. Aliigusa meza, akaligusa gunia la unga, akamgusa Zaituni begani kuhakikisha naye yupo. Alikula skonzi saba kwa ajili ya uthibitisho. Kisha akachungulia tanurini, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama Mapande, humu ndani kuna moto."

"Upo, meneja."

"Huu ni mkubwa. Hili nitaliandika kama kihatarishi."

"Mikate nitaiivishaje bila moto?"

"Mimi binafsi nakuelewa," alisema Bwana Mkwizu huku akifuta makombo kidevuni. "Lakini makao makuu hawapendi moto. Ungeweza kuupunguza mpaka tumalize taratibu?"

Chande alitoka nje ili acheke, akarudi akiwa na uso wa msiba. Fomu ikaandikwa: *Biashara ipo, ila ina joto.* Na mwezi wa sita wa Mwaka wa Mjasiriamali Mdogo, akaunti ya Sikudhani Mapande ikafunguliwa. Alipewa namba yenye tarakimu kumi na tisa na kalamu isiyoandika.

Mwezi mzima uliofuata walifanya kazi kama watu waliopagawa. Walioka, wakapakia, Chande akaendesha baiskeli mpaka goti likavimba. Unga ulichukuliwa kwa mkopo kwa mwenye mashine ya kusaga, hamira kwa mkopo dukani. Matroni wa hospitali alisema wagonjwa wawili waliokuwa wamegoma kula sasa wanauliza saa ya chai. Sikudhani alilisikia hilo, akaingia ndani kujifanya anatafuta chekecheke, kwa sababu hakutaka Zaituni amwone akijifuta macho.

Mwisho wa mwezi hospitali ililipa, kwa wakati, shilingi milioni mbili na laki saba. Ndilo lilikuwa kosa.

Sikudhani alipokwenda kutoa za unga, karani alibonyeza mashine yake, akaacha tabasamu, akainuka kwenda kumwita meneja. Bwana Mkwizu alimwingiza ofisini na kumwomba aketi, bila chai.

"Mama, akaunti yako imefungwa kwa muda."

"Kwa nini?"

"Imeonyesha dalili za fedha."

Meneja akaendelea kwa upole, kama daktari.

"Unajua, akaunti za wajasiriamali wadogo kwa kawaida hazina fedha. Tunazijua. Ziko hivyo miaka yote, na mtambo wetu umezizoea. Sasa juzi, ghafla, yako imeingiza milioni mbili na laki saba. Mtambo umeshtuka. Hata mimi nilishtuka, nilikuwa nakula."

"Ni malipo ya mikate. Hospitali imelipa."

"Hilo ndilo tunalotaka kulijua. Hospitali imezitoa wapi?"

"Serikalini."

Bwana Mkwizu aliandika. "Na serikali imezitoa wapi?"

"Kwetu," alisema Sikudhani. "Kodi zetu."

Meneja aliweka kalamu chini polepole. "Mama Mapande, hayo sasa ni mambo ya siasa."

Uchunguzi ungechukua siku tisini. Wakati huo huo akaunti ingeendelea kupata huduma zote za makato. Palikuwa na makato ya kuitunza akaunti, makato ya kuifunga, na makato ya ulinzi ili asitokee mtu wa kuifungua. Sikudhani alipouliza jumla yake ni kiasi gani, aliambiwa, na swali lake nalo likakatiwa makato.

*

Mwenye mashine alitaka fedha yake, na hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na akaunti pale pale. Chande aliuza baiskeli akaanza kubeba mikate kichwani. Zaituni aliuza vitenge vyake viwili vya arusi bila kumwambia mtu, akaleta mfuko wa unga akidai kaupata kwa bei ya kutupa. Sikudhani aliufungua ule mfuko, akamtazama wifi yake, akaelewa.

"Zaituni, vile vitenge alikununulia kaka yako Chande."

"Vilikuwa vinanibana."

Walikanda unga ule siku ile ile.

Wiki ya tatu, tanuri liliachia. Halikufanya kishindo kikubwa. Lilitoa sauti kama ya mtu mzima anayekaa chini baada ya kusimama sana, kisha dohani ikaingia ndani pamoja na mikate themanini. Vumbi lilipotulia, Sikudhani alikuwa bado ameshika koleo la kupakulia. Matofali yale aliyafahamu moja moja, maana alipokuwa na miaka minane yeye ndiye aliyemshikia baba yake udongo. Alikaa juu ya gunia tupu, akalia hadharani, na safari hii hakutafuta chekecheke.

Asubuhi iliyofuata alikwenda benki, akiwa na majivu kwenye mtandio wake. Alikuwa amejipanga kupiga kelele. Lakini Bwana Mkwizu alimpokea mlangoni, amefungua mikono yote miwili.

"Mama Mapande! Tulikuwa tunakutafuta! Umechaguliwa!"

Makao makuu, yakitafuta Mjasiriamali Mdogo Bora wa Mwaka, yalikuwa yamepitia akaunti elfu arobaini. Ni moja tu iliyokuwa na fedha.

*

Sherehe ilifanyika uwanja wa mpira, chini ya turubai lililokodiwa kutoka kampuni ya Mheshimiwa Ngazi. Waziri wa Fedha na Furaha alihutubia kwa saa mbili na nusu. Alisema kuwa serikali yake haiwezi kulala wakati mjasiriamali mdogo yuko macho, na kwa hiyo itahakikisha mjasiriamali mdogo analala. Alisema uchumi wa Tulizana umekua kwa asilimia kubwa kiasi kwamba haisemeki mbele ya watoto. Makofi yalipigwa na watumishi wa benki waliokaa mistari sita ya mbele kwa mujibu wa waraka.

Sikudhani alipewa cheti, mwavuli wa benki, na kipaza sauti. Alipewa pia hotuba iliyoandikwa tayari, iliyoanza na *Mimi mnyonge sina maneno.*

Aliishika ile karatasi. Alimwona Chande nyuma kabisa ya uwanja, amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu ya goti. Akaikunja karatasi.

"Mheshimiwa waziri, mimi maneno ninayo," alisema. "Nimeoka mikate mwezi mzima. Hospitali imenilipa. Benki hii imekaa na fedha zangu, tanuri langu limeanguka, wifi yangu ameuza nguo zake za arusi. Sitaki mwavuli. Naomba fedha zangu."

Halafu watu wa nyuma, wale ambao hawakuwa kwenye waraka, wakaanza kupiga makofi, na mmoja akapiga mluzi, na mzee muuza kuku akasikika akisema, "Na zangu!" Waziri aliinuka haraka. Alimkumbatia Sikudhani kwa nguvu, mpaka kipaza sauti kikafichika kwenye koti lake.

"Mnaona, ndugu wananchi!" alisema. "Huu ndio uthubutu tunaousema!"

Gazeti la serikali liliandika kesho yake: MJASIRIAMALI BORA AANGUA KILIO CHA FURAHA. Akaunti yake ilikatwa gharama za mwavuli, na baada ya siku mbili, gharama za kipaza sauti.

*

Siku tisini za uchunguzi hazikutimia, kwa sababu benki ndiyo iliyoisha kwanza.

Mheshimiwa Ngazi hakuwa amerudisha hata senti. Kamati iliyoundwa kuchunguza ilimaliza kazi kwa siku moja na kubaini kwamba theluji ilikuwa imechimbwa kweli, kwa wingi, ila iliyeyuka njiani. Iliongeza kuwa hiyo ndiyo hulka ya theluji na haiwezi kushtakiwa. Wanakamati walilipwa posho ya mavazi ya baridi. Waziri alikwenda redioni kuwatoa watu hofu: Benki ya Wanyonge haikufa, alisema, imelala chali ili ipumue vizuri.

Wateja wakubwa walikuwa wameshachukua fedha zao wiki moja kabla, baada ya kupigiwa simu na mtu asiyejulikana mwenye sauti laini. Wateja wadogo walitangaziwa kwamba watalipwa kwa mali za benki. Wafike tawini wachague, mradi thamani isizidi wanachodai, na thamani ingepangwa na benki yenyewe.

Basi watu wa Sanzale walikusanyika uani kwa benki, jua la saa nne, kama watu waliokuja kugawana vitu vya marehemu. Mzee muuza kuku alipewa kiti cha kuzunguka kwa kuku mia mbili. Fundi cherehani alipata feni. Mama mmoja alipewa vibao saba vya TUKO NAWE, akavikubali kwa sababu vilikuwa vya bati zuri na paa lake lilivuja. Wauza nyanya waliichukua ile picha ya ukutani, na hawakusema wanakwenda kuifanya nini.

Ofisa aliyetumwa na makao makuu alikuwa na orodha na muhuri. Sikudhani alipoitwa, alikuwa ameshakizunguka kila kitu pale uani mara mbili. Alikuwa amesimama mbele ya sefu la tawi, lile kabati la chuma la kuwekea fedha. Lilikuwa refu kumzidi, pana kama kitanda cha watu wawili, na kuta zake zilikuwa nene kuliko urefu wa kiganja chake. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na rafu nne za chuma na mende mmoja.

Aliligonga ubavuni kwa vidole vilivyokunjwa, sikio karibu, vile vile anavyougonga mkate chini kujua kama umeiva.

"Hili nani kachukua?"

"Hilo, mama?" Ofisa alicheka. "Hilo ni tupu."

"Najua ni tupu. Nauliza nani kachukua."

Watu walicheka pia, na Bwana Mkwizu, aliyekuwa kivulini akisimamia, alicheka kuliko wote. Ofisa aliangalia orodha. Sefu lilikuwa limepangiwa shilingi milioni mbili na laki mbili, bei ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeilipa, na salio la Sikudhani baada ya makato yote lilikuwa milioni mbili, laki mbili na mia nne. Alipigiwa muhuri. Zile mia nne zikakatwa kwa ajili ya muhuri.

Ilichukua vijana kumi na wawili wa sokoni na mikokoteni miwili iliyofungwa pamoja. Walipoulizia ujira, Sikudhani aliwaambia watalipwa mikate, na kwa kuwa walikuwa wanaijua, hawakubishana. Chande alitangulia mbele akipanga watu wapishe njia, na mtaa mzima wa Kwa Mafundi ulitoka kuona mwendawazimu aliyenunua sefu tupu kwa fedha zake zote.

"Wifi," Zaituni alimnong'oneza, akitembea kando yake. "Niambie tu ukweli. Kichwa kiko salama?"

"Tazama unene wa huo ukuta," alisema Sikudhani. "Ndani yake kumejazwa zege. Likishika joto hilo, Zaituni, haliachii mpaka jioni."

Zaituni alitembea hatua kumi akiutazama ukuta wa sefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuushika mkokoteni.

Mchomeleaji wa mtaani alitoboa tundu la dohani juu, na jingine la moto chini. Alivunja ncha nne za mashine ya kutobolea na kuitukana benki kwa kila moja. Zaituni aliipaka sakafu ya ndani udongo wa kichuguu. Walilipasha moto siku tatu, ndogo ndogo, rangi ikababuka na kunuka vibaya, na harufu ya rangi ilipokwisha, Sikudhani akaingiza mikate mitano ya majaribio. Alisimama mbele ya mlango muda wote bila kukaa. Ilipotoka ilikuwa na rangi ya asali pande zote, juu na chini, jambo ambalo tanuri la matofali halikuwahi kuliweza hata baba yake alipokuwa hai. Aliugawa mmoja vipande vitatu. Chande alikula chake amefumba macho.

Zabuni ya hospitali, iliyokatika tanuri lilipoanguka, hakurudishiwa. Alipewa Mheshimiwa Ngazi, ambaye sasa anaioka mikate hiyo kule kule anakochimba theluji. Lakini ndugu wa wagonjwa hawakuwa na muda wa kuisubiri. Walianza kupita Kwa Mafundi kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa, wakilipa taslimu, wakiondoka na mikate ya moto chini ya khanga ili mlinzi wa geti asiione. Matroni mwenyewe aliagiza kumi kila siku, kwa jina la mtoto wake. Kabla mwaka haujaisha, baiskeli ilinunuliwa nyingine, na Zaituni akaletewa vitenge viwili ambavyo alisema vinamtosha barabara.

Bwana Mkwizu alipandishwa cheo. Serikali, ikiwa imehuzunishwa na yaliyotokea, iliunda Mamlaka ya Kuwaokoa Wajasiriamali Wadogo na kumweka yeye mkuu wake, kwa kuwa hakuna mtu mwingine nchini aliyekuwa amewaona wengi wakizama. Ndiyo kazi iliyomleta Kwa Mafundi siku moja saa tisa alasiri, kwa gari jipya, na mkoba wa fomu. Alikuta foleni ya watu thelathini. Alitaka kupita mbele, lakini mzee muuza kuku, aliyekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, alizunguka taratibu akamziba njia. Basi akasimama nyuma, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na jua likampiga utosini.

Alipofika mbele, alikuwa ameshasahau alichokuja kusema. Harufu ilikuwa imemshika puani.

"Mama Mapande," alisema kwa sauti yake laini. "Nipatie miwili. Kama bado ipo."

"Sogea, meneja. Linachoma."

Sikudhani alivuta mpini wa chuma kwa kitambaa, na mlango mzito ukafunguka. Joto lilitoka kama pumzi. Mikate ilikuwa imejipanga kwenye rafu zote nne, bega kwa bega, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, hata pa kupenyeza kidole hapakuwepo.

Bwana Mkwizu alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miaka kumi na mmoja funguo za sefu lile zilikuwa zikining'inia kiunoni mwake, na siku zote hizo hakuwahi kuliona limejaa.